Mjadala Tunao, Kinachokosekana ni Jibu

Tarehe 30 Mei 2025 polisi jijini Nairobi walimkamata msanidi programu mmoja kwa sababu ya ukurasa wa intaneti alioutengeneza. Ukurasa wenyewe ulikuwa mdogo. Ulionyesha vifungu vya Mswada wa Fedha wa 2025 vilivyokuwa vikilalamikiwa, na mwananchi aliyebofya kitufe alituma barua pepe ya kuvipinga moja kwa moja kwa Karani wa Bunge la Kitaifa na kwa Kamati ya Fedha. Msanidi huyo alikaa korokoroni wikendi nzima ya Sikukuu ya Madaraka. Tarehe 3 Juni alishtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, akidaiwa kuvuruga mfumo wa kompyuta bila idhini. Tarehe 20 Juni hakimu aliyatupa mashtaka hayo kwa kuwa hayakuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria.

Upande wa jinai uliishia hapo. Upande wa utawala haujaguswa, nao ndio unaohusu kila mtu anayeamini kwamba raia wana haki ya kushiriki katika kutunga sera. Bunge lenyewe ndilo lililotoa tangazo la kuita maoni. Wananchi wakaitika kwa njia iliyotajwa, yaani barua pepe. Maoni yalipokuwa mengi, wingi wake ukachukuliwa kuwa hujuma. Mlango wa kupokelea maoni ulijengwa namna gani hata watu wakiupitia kwa wingi waonekane wanauvunja?

Sanduku la barua pepe halijui kifungu gani kinazungumziwa. Halimwonyeshi mtu wa pili alichosema wa kwanza, kwa hiyo watu elfu wenye hoja moja hutuma barua elfu. Halitoi risiti yenye namba ambayo mtu anaweza kuifuatilia wiki tatu baadaye. Kwa upande wa ndani, barua hizo zote zinawaangukia maafisa wachache wa sekretarieti ya kamati, ambao katika siku hizo hizo wanaandaa vikao, wanaandika ripoti na kuoanisha marekebisho na mswada. Hakuna afisa awezaye kusoma yote hayo kwa haki. Atakachofanya ni kuhesabu kwa jumla, kisha aandike sentensi moja kwamba wananchi wengi walipinga mswada.

Kisheria, Kenya haina upungufu mkubwa. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inataja ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya kitaifa, Ibara ya 118 inalilazimu Bunge kuuwezesha, na Ibara ya 201 inaurudia katika masuala ya fedha za umma. Mwaka 2014 Jaji Odunga wa Mahakama Kuu alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 akisisitiza kwamba ushirikishaji lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza utaratibu. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu ilitaja nguzo za ushirikishaji wenye maana: mada iwe wazi, utaratibu ueleweke, pawe na nafasi sawa ya kushawishi, uwakilishi uwe mpana, mchakato uwe na uadilifu, na wananchi wapewe elimu ya kutosha kabla ya kuulizwa.

Pengo lilijitokeza katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria nzima, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali maoni fulani na kukataa mengine, na kwamba vifungu vilivyoongezwa baada ya vikao vya umma havikurudishwa kwa wananchi. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu iliugeuza uamuzi huo. Ilisema Katiba haiweki wajibu wa wazi wa kutoa sababu za maandishi kwa maoni yaliyokataliwa, na kwamba marekebisho yanayotokana na mchakato huo huo wa maoni hayalazimu kuanza upya.

Kwa msomaji wa sheria, uamuzi huo una hoja zake. Kwa anayeandaa mijadala ya sera, umeacha wazi mahali panapoamua kila kitu. Mtu anayetumia saa mbili kusoma mswada, akaandika hoja, akaituma, kisha asisikie lolote, hatarudi mwaka unaofuata. Akirudi, atarudi na alama ya reli kwenye X, kwa sababu huko angalau anaona kwamba amesikika. Ndiyo maana mimi naona suala zima la mijadala ya mtandaoni limeshikwa kwa ncha isiyo sahihi. Kila serikali inayotaka kuonekana ya kisasa hununua jukwaa la kukusanya maoni, ilhali kukusanya ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu ni kuigeuza sauti ya mtu iwe hoja inayoweza kuingia katika kifungu, halafu kumrudishia jibu.

Zifungue ripoti za Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa uone jinsi zinavyopangwa. Ndani yake mna majedwali yenye namba ya kifungu, jina la mdau, pendekezo lake, sababu alizotoa, na msimamo wa kamati. Ni utaratibu mzuri sana. Sasa angalia ni akina nani wanaotawala majedwali hayo: chama cha wenye viwanda, chama cha mabenki, kampuni za ukaguzi wa hesabu kama PwC, KPMG na Deloitte. Hawa hupata nafasi kwa sababu wanaandika kwa umbo ambalo jedwali linalipokea. Wanataja kifungu, wanapendekeza maneno mbadala, wanaweka hesabu. Muuza mboga wa soko la Gikomba jijini Nairobi akisema gharama zimemlemea, maneno yake ni ya kweli kuliko ripoti yoyote ya mkaguzi, lakini hayana safu ya kuingia. Jukwaa la mtandaoni lenye maana ni lile linalomsaidia mama huyo kufika kwenye safu hiyo.

Mwaka 2024 wananchi walijaribu kuifanya kazi hiyo wenyewe. Mswada wa Fedha ulichapishwa Mei 9 na kusomwa kwa mara ya kwanza Mei 13. Ndani ya siku chache mawakili, wahasibu na wanafunzi wa vyuo walikuwa wameupasua kifungu kwa kifungu. Kulikuwa na video za TikTok kwa lugha za jamii mbalimbali, tafsiri za lugha ya ishara, mijadala ya sauti kwenye X iliyokesha, hata programu ya akili unde iliyojibu maswali kuhusu mswada. Watu walijifunza kwamba mkate ungetozwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16, maana yake mkate wa shilingi 65 unaongezeka shilingi 10 na senti 40. Walijifunza kwamba gari lingetozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kiwango cha chini kikiwa shilingi 5,000 na cha juu shilingi 100,000. Kutokana na hapo mtu aliweza kukokotoa mwenyewe: mwenye gari la shilingi milioni moja analipa 25,000, mwenye gari kuukuu la shilingi 150,000, ambaye kwa asilimia hiyo angelipa 3,750, anabanwa na kiwango cha chini na kulipa 5,000, na mwenye gari la milioni kumi analipa laki moja tu, yaani asilimia moja. Ukokotoaji wa aina hiyo ndio elimu ya umma iliyotajwa na Mahakama ya Juu mwaka 2019, na haukufanywa na Hazina.

Juni 18 kamati ilitangaza kuondoa kodi ya mkate, ya magari na nyingine kadhaa. Kwa kipimo chochote huo ulikuwa ushindi wa mjadala. Hata hivyo tangazo lilitolewa kwa jumla, katika mkutano na wanahabari, bila kuonyesha ni hoja ipi ya nani iliyobadilisha kifungu kipi, na bila kueleza kwa nini vifungu vingine vilibaki. Waliobishana kwa wiki tano hawakuona alama ya mkono wao. Wengi waliamini kwamba vifungu vilivyoondolewa vilikuwa vya kutupwa tangu mwanzo. Juni 25 Bunge lilipitisha mswada, waandamanaji wakaingia katika majengo yake, watu wakauawa. Juni 26 Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Tarehe 5 Julai aliingia mwenyewe kwenye mjadala wa X kuwasikiliza vijana. Kama mazungumzo ya namna ile yangefanyika Oktoba 2023, pengine yangeokoa mengi.

Nataja Oktoba 2023 kwa sababu maalumu. Kodi ya magari haikuzuka Mei 2024. Ilikuwa ndani ya rasimu ya Mkakati wa Mapato wa Muda wa Kati ambayo Hazina ya Taifa iliitoa Septemba 2023 na kuiombea maoni. Wakati huo lilikuwa wazo tu. Halikuwa limewekwa katika bajeti, wala hakuna wizara iliyokuwa ikisubiri fedha zake. Kulibadilisha kungegharimu karatasi. Kufikia Mei, mswada ulikuwa umebeba lengo la kukusanya takriban shilingi bilioni 346, na kila kifungu kilichoondolewa kiliacha shimo katika matumizi yaliyokwisha kupangwa. Katika hali hiyo hata mbunge mwenye nia njema anasikia kila hoja ya raia kama tishio kwa barabara au mishahara ya walimu.

Kalenda ya Kenya inajulikana. Waraka wa bajeti wa Hazina hutoka kufikia Agosti 30, Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia Februari 15, Mswada wa Fedha huwasilishwa kufikia Aprili 30 pamoja na makadirio, au unapochelewa kama 2024, Mei. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Mjadala wa mtandaoni unaokuja Mei na Juni ni mjadala wa kupinga, haijalishi umeandaliwa kwa ustadi gani. Wa Oktoba hadi Januari unaweza kuwa wa kutunga. Ukiniuliza jambo moja la kubadilisha, nitachagua tarehe kabla ya teknolojia.

Tanzania ilipitia somo hilo hilo kwa njia nyingine. Tozo za miamala ya simu ziliingia kupitia Sheria ya Fedha ya 2021 na kuanza kukatwa katikati ya Julai, zikipanda kulingana na kiasi cha fedha hadi kufikia shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa. Bajeti ilisomwa Juni 10, na sheria ikawa tayari kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Mwananchi wa kawaida alijua jambo hilo siku alipotuma hela kwa mama kijijini na kuona makato. Kelele zilizofuata mitandaoni zilizaa matunda: Septemba tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na katika miaka iliyofuata zikaendelea kushushwa na kuondolewa kwa hatua. Lakini katika miezi hiyo mawakala walipoteza wateja na watu wengi walirudi kubeba fedha taslimu. Hesabu ya namna mtumiaji angebadili tabia ingeweza kupatikana kwa kuwauliza mawakala na watumiaji kabla, maana wao ndio wanaojua mtu anatuma shilingi ngapi na kwa mkupuo gani.

Taiwan ndiyo nchi inayotajwa zaidi mjadala huu unapozuka, na mara nyingi inatajwa kwa kusifiwa bila kuelezwa. Mwaka 2014 wanafunzi walilikalia bunge kwa zaidi ya wiki tatu wakipinga mkataba wa biashara ya huduma na China uliokuwa ukipitishwa harakaharaka. Baada ya hapo waziri mmoja aliwafuata wanateknolojia wa kujitolea wa kundi la g0v na kuwaomba wabuni njia ya kujadili sera, nayo ikaitwa vTaiwan. Audrey Tang, ambaye baadaye aliingia serikalini kama waziri, alikuwa miongoni mwa waliouendesha mchakato huo. Mwaka 2015 waliutumia kwa suala la Uber, kampuni ya kuita gari la usafiri kwa simu.

Programu waliyoitumia, Pol.is, inafanya kazi hivi. Mshiriki anaona sentensi fupi moja kwa wakati. Anachagua kukubali, kukataa au kupita. Akiona kuna jambo halijasemwa anaandika sentensi yake, isiyozidi herufi 140, nayo inapelekwa kwa wengine waipigie. Hakuna kitufe cha kumjibu mwenzako. Hilo limefanywa makusudi: panapokuwa na kujibizana, wenye muda mwingi na ulimi mkali ndio wanaotawala, na waliobaki hunyamaza. Programu huwapanga watu katika makundi kulingana na jinsi kura zao zinavyofanana, halafu inaonyesha sentensi zipi zimekubaliwa na wengi ndani ya kila kundi, si kwa jumla tu. Hapo ndipo penye thamani. Kwa hesabu ya jumla, kundi kubwa humeza dogo. Kwa hesabu ya makundi, sentensi haipandi mpaka wapinzani wawili waikubali.

Katika suala la Uber makundi mawili yalionekana mapema, waliotaka huduma hiyo na waliotetea teksi za kawaida. Kadiri siku zilivyopita, watu walianza kuandika sentensi ambazo upande wa pili ungeweza kuzikubali: abiria awe na bima, dereva awe na leseni, kampuni ilipe kodi, ushindani uwe wa haki. Kikao cha ana kwa ana kati ya maafisa wa wizara, Uber na wawakilishi wa teksi kilirushwa moja kwa moja mtandaoni, na ajenda yake ilikuwa sentensi hizo. Mwaka 2016 kanuni mpya za teksi zikatoka.

Wanaoisifu Taiwan huishia hapo, na ni makosa. Matokeo ya vTaiwan hayakuwa na nguvu ya kisheria. Yalitegemea waziri aliyekuwa tayari kuyapokea, na hamu ya mawaziri ilipopungua, shughuli nazo zilipungua. Kilichodumu zaidi ni mfumo wa serikali uitwao Join, kwa sababu una masharti yanayohesabika: pendekezo likipata sahihi 5,000 ndani ya siku 60, wizara inayohusika inawajibika kujibu ndani ya miezi miwili. Jibu linaweza kuwa hapana. Lakini ni hapana yenye sababu, iliyoandikwa, ambayo mtu anaweza kuibishia. Iceland nayo ilionja uchungu wa kukosa mwisho uliofungwa: mwaka 2011 baraza la watu 25 liliandika rasimu ya katiba likichapisha vipande vyake mtandaoni na kupokea maoni, Oktoba 2012 theluthi mbili hivi ya wapigakura wakaunga mkono itumike, na bunge halikuipitisha.

Kwa mazingira yetu ningeanza na suala moja lenye mipaka, tuseme pendekezo moja la kodi, na kulitengea wiki nne. Kabla ya siku ya kwanza, Hazina itoe ukurasa mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza unaoeleza nani analipa sasa, nani atalipa, mapato yanayotarajiwa, na mifano mitatu ya hesabu kwa watu wa vipato tofauti. Bila mifano hiyo, mjadala utakuwa wa hofu. Timu ya wasimamizi iandike sentensi za kuanzia kati ya 15 na 25, zikiwemo ambazo serikali haizipendi. Zikiwa tano tu, washiriki wa mwanzo hukosa la kupigia na kuondoka. Zikiwa hamsini, wengi hawafiki mwisho na takwimu za sentensi za mwishoni zinakuwa dhaifu. Kosa linalojirudia ni sentensi yenye mambo mawili: “Kodi ya magari iondolewe na ya mafuta ipunguzwe.” Anayekubali nusu yake hana pa kwenda, kwa hiyo anapita, na sentensi inaonekana haina uungwaji mkono. Msimamizi aigawe.

Wasimamizi wanahitajika kila siku, pamoja na jioni, kwa sababu watu wengi hushiriki baada ya kazi. Sentensi mpya ikikaa siku tatu bila kuruhusiwa, waliopiga kura mapema hawataiona tena. Sababu za kukataa sentensi ziwe chache na zitangazwe: matusi, chuki ya kikabila, taarifa binafsi za mtu, marudio ya neno kwa neno, na jambo lisilohusu mada. Zilizokataliwa zichapishwe pia, isipokuwa zenye taarifa binafsi au uchochezi, ili kila mtu aone kwamba mkosoaji hakuzimwa. Wasimamizi wasiwe watumishi wa wizara yenye mswada. Chuo kikuu au Tume inayojitegemea inafaa zaidi.

Wiki ya tatu ni ya kuandika. Wanasheria wawili au watatu wachukue sentensi zilizokubaliwa katika kila kundi na kuzigeuza ziwe maneno ya kifungu, kisha wazirudishe kwa washiriki wawaulize kama ndicho walichomaanisha. Hatua hii ndiyo inayorukwa karibu kila mahali, na ndiyo inayomfikisha yule mama wa Gikomba kwenye safu ya jedwali. Wiki ya nne ni ya kikao cha wazi, ambapo maafisa wanajibu sentensi moja baada ya nyingine mbele ya kamera.

Kuhusu maoni bandia, tuna mfano mkubwa wa kutosha. Mwaka 2017 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipokea maoni takriban milioni 22 kuhusu kanuni za usawa wa intaneti, zinazozuia kampuni za intaneti kubagua tovuti. Uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, uliotolewa Mei 2021, ulibaini kwamba karibu milioni 18 yalikuwa bandia. Milioni 8.5 hivi yalitokana na kampeni iliyofadhiliwa na kampuni za intaneti, na milioni 7.7 yalitumwa na mwanafunzi mmoja wa chuo mwenye umri wa miaka 19 aliyetumia programu. Pande zote mbili za mjadala zilighushiwa.

Wengi husoma kisa hicho na kukimbilia kudai namba ya kitambulisho kwa kila mchangiaji. Kwa Kenya ya leo hilo ni hatari. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilisema Desemba 2024 kwamba ilikuwa imeandikisha visa 82 vya watu kutekwa au kutoweka tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa hawajapatikana. Katika hali hiyo, jukwaa la serikali linalodai kitambulisho litapata wanaoiunga mkono serikali na wachache wasio na cha kupoteza. Inatosha kuthibitisha kwamba namba ya simu ni ya kweli kwa kutuma tarakimu za siri mara moja, kisha namba hiyo ihifadhiwe kwa umbo lisiloweza kusomeka, katika hifadhi tofauti na maoni, na ifutwe mjadala ukifungwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa msingi wa kudai hivyo. Bado mtu mwenye laini nne ataweza kushiriki mara nne. Hilo linavumilika iwapo mjadala hauhesabiwi kama kura. Aliyeghushi maoni milioni saba alilenga kuongeza idadi. Mfumo unaotafuta hoja mpya, na unaopima maafikiano kati ya makundi, haumlipi anayerudia hoja moja.

Kwa sababu hiyo hiyo barua pepe elfu kumi zenye maneno yale yale hazistahili kudharauliwa wala kuogopwa. Ni hoja moja yenye waungaji elfu kumi. Iandikwe mara moja katika jedwali, idadi ya waungaji iwekwe pembeni, na ijibiwe kwa uzito ule ule ambao hoja ya kampuni ya ukaguzi hujibiwa.

Linabaki suala la wasiokuwepo. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 22.6 tu ya watu wa umri wa miaka mitatu na zaidi waliotumia intaneti. Matumizi yamepanda tangu hapo, ila tofauti ya mjini na kijijini haijafutika. Uganda iliweka shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, kisha mwaka 2021 ikaibadilisha na kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Serikali inayotoza watu kwa kuongea mtandaoni haiwezi kusema imewashirikisha mtandaoni. Ukurasa wa mjadala uwe mwepesi, wa maandishi, na usikate bando. Sentensi zile zile za jukwaa ziwekwe kwenye USSD, yaani menyu ya simu inayofunguliwa kwa kupiga namba zenye nyota bila intaneti, kumi kwa kila mzunguko kwa sababu kipindi cha USSD hukatika haraka, na zisomwe kwenye redio za jamii zikiwa na namba zile zile. Katika baraza la chifu au mkutano wa wadi, mwandishi akiwa na simu moja arekodi sentensi mpya na idadi ya waliokubali na waliokataa, na aandike zilitoka wadi gani. Namba ikiwa moja kila mahali, hoja ya Lodwar, kaskazini mwa nchi, na ya Kilimani, mtaa wa Nairobi, zinakutana katika safu moja.

Wanawake hushiriki kidogo pale matusi yanapoachwa, na kukosekana kwa kitufe cha kujibu husaidia, lakini hakutoshi. Matokeo yachambuliwe pia kwa jinsia, umri na kaunti kwa wale waliokubali kuvitaja, na pengo likionekana katika wiki ya pili, bado kuna muda wa kupeleka wahamasishaji sokoni, kwenye vyama vya akina mama na vituo vya bodaboda. Likigunduliwa wiki ya nne, haliwezi kurekebishwa.

Hakuna lolote kati ya haya linalosubiri sheria mpya, ingawa Mahakama ya Juu yenyewe imehimiza Bunge kutunga ya ushirikishaji wa umma. Kanuni za Kudumu za Bunge la Kitaifa tayari zinaitaka kamati izingatie maoni ya umma inapoandika ripoti yake. Mwaka 2025 kamati ilikataa kifungu ambacho kingeiruhusu Mamlaka ya Mapato, KRA, kupekua data za siri za biashara na za wateja, kifungu kilichopingwa sana mtandaoni na pia na wadau waliofika mbele yake. Ni kisa kizuri cha kuanzia. Sekretarieti ichukue kifungu hicho kimoja, iorodheshe kila hoja iliyopokelewa juu yake kwa njia zote, iandike ni ipi iliyowashawishi wabunge na ni ipi haikuwashawishi na kwa nini, kisha itume jedwali hilo kwa kila anwani iliyoandika. Anwani wanazo tayari. Ziko katika sanduku lile lile la barua pepe.